Kupingana Wodini Bila Kuvunja Zamu

Mtoto wa kilo 14 ana malaria kali. Kwenye faili imeandikwa artesuneti miligramu 34. Muuguzi anayevuta dawa anajua kwamba mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, yaani 42, na kwamba hiyo 34 imetoka kwenye hesabu ya 2.4 kwa kilo, ambayo ni ya watu wazima na ya watoto wa kuanzia kilo 20. Aliyeandika si mzembe. Alisoma zamani, wakati 2.4 ilikuwa ya wote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliopandisha dozi ya watoto wadogo ulitoka mwaka 2015. Ni daktari wa siku nyingi, amekesha, na wagonjwa wengine wanamngoja. Bomba la sindano liko mkononi mwako. Unamwambiaje?

Wengi wetu tuliolelewa kwa adabu za kwetu tunasema hivi: "Samahani Dokta, sijui kama nimeelewa vizuri, labda ni mimi tu, ila hii dozi ya mtoto naona kama... au niendelee tu?" Daktari anasikia mtu anayeomba ruhusa. Anajibu "endelea" na kwenda zake. Hakuna aliyekosewa heshima, na hakuna aliyesikia kwamba mtoto anapunjwa miligramu 8 za dawa ambayo ndiyo inayomtoa kwenye hatari.

Kosa hapo si upole. Upole umewekwa mahali pasipo pake. Weka heshima kwenye salamu, kwenye jina unalomwita mtu, kwenye sauti, na kwenye mahali unapochagua kusimama mkizungumza. Namba iache wazi. Ukishaifunika kwa "labda" na "kama vile", anayekusikiliza kwa sikio moja huku akiandika faili jingine hataiona.

Maneno yanayofanya kazi ni mafupi: "Dokta, mtoto wa kitanda cha 4 ana kilo 14. Artesuneti imeandikwa 34. Nikipiga 3 kwa kilo napata 42. Naomba uiangalie kabla sijachoma." Umemwita kwa cheo chake, umesema kilichoandikwa, umetaja hesabu yako, umeomba jambo moja. Hayo "kabla sijachoma" ndiyo yenye uzito kuliko yote, maana yanamjulisha kwamba dawa imesimama na inamngoja yeye. Tazama pia kwamba hakuna "umekosea" humo, wala "ulitakiwa". Kuna "imeandikwa" na kuna "napata". Daktari anaweza kuchukua kalamu, akarudia hesabu, akabadili namba na kuendelea na raundi kana kwamba ameliona mwenyewe. Mpe nafasi hiyo. Mtu aliyejionea kosa lake hulisahihisha; aliyeonyeshwa mbele za watu hulitetea, hata akiwa ameshajua kwamba halina utetezi.

Kabla ya kufungua mdomo kuna kazi ya dakika moja ambayo wengi huiruka. Hakikisha ni mgonjwa yuleyule na faili lilelile. Mpime mtoto upya ukiweza, kwa sababu uzito ulioandikwa mapokezi mara nyingine ulikadiriwa kwa umri, au mtoto alipimwa na nguo na viatu. Fungua mwongozo wa matibabu kwenye ukurasa wenyewe, uubebe ukiwa wazi. Sehemu kubwa ya mabishano ya dozi huishia hapo hapo mezani: unagundua kwamba kilo 14 zilikuwa kilo 11 na nusu, na daktari aliyapata mahesabu yake kwa uzito sahihi aliouandika ukurasa wa pili. Ukiwa umeshapaza sauti wakati huo, safari ijayo hutasikilizwa hata ukiwa na haki.

Mahali pa kuzungumzia ni meza ya wauguzi, hatua chache kutoka kitandani. Wapo wanaobaki palepale wakageuza mazungumzo kuwa Kiingereza, wakiamini mama wa mtoto haelewi. Namba anazielewa, na nyuso anazisoma vizuri kuliko sisi. Akiona muuguzi na daktari wamekunjiana uso juu ya sindano ya mwanawe, ataikataa sindano hiyo hata ikisharekebishwa. Ila sheria ya kusogea pembeni ina mpaka wake. Kama dawa tayari inaelekea kwenye mshipa, hakuna kusogea popote: "Dokta, simama kwanza," kwa sauti ya kawaida inayosikika, na mkono wako juu ya kile kibomba. Adabu nyingine zitafuata baadaye.

Umri nao una mambo yake. Wodini kwetu ni jambo la kawaida kumkuta sista mwenye umri wa kumzaa daktari intani, yaani aliye bado mafunzoni. Akimwambia mbele ya wagonjwa "mwanangu, hapo umechapia," hata kama ni kwa mapenzi, amemvua koti. Intani huyo atatafuta njia ya kulivaa tena, na njia iliyo karibu zaidi ni kushikilia oda yake. Mbele ya watu mwite Dokta. "Mwanangu" iwekee kwenye chai. Upande wa pili, intani anayemkosoa sista mzee aanze na shikamoo yake ya kweli, si ile ya kutupwa ukipita, kisha amuulize kwa namna inayompa nafasi ya kueleza: "Sista, naona dripu ya mama wa kitanda cha 9 imefungwa. Ulikuwa na sababu gani?" Mara nyingi sababu ipo. Mapafu yameanza kujaa maji, na yeye ndiye aliyesikia kikohozi tangu alfajiri.

Swali la upole likijibiwa "endelea", ndipo watu wengi hukwama. Wanarudia swali lilelile, kwa upole uleule, mara ya pili na ya tatu, kisha wananyamaza. Marubani walishalipitia hili kabla yetu na kulilipia kwa roho za watu, ndiyo maana mafunzo yao yana ngazi: kuuliza, kusema una wasiwasi, kupinga waziwazi, kuchukua hatua. Unapanda ngazi moja kila unapokataliwa. Hubaki palepale, wala hurukii ya juu kabisa.

Chukua mama mwenye kifafa cha mimba anayepewa magnesiamu salfeti, gramu 5 za msuli kila baada ya saa nne. Dawa hii ikizidi mwilini husimamisha pumzi, kwa hiyo kabla ya kila dozi kuna mambo matatu ya kuangaliwa: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti likigongwa mguu urushe, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, yaani 120 kwa saa nne zilizopita. Umepima. Pumzi 14, mguu umelala, mfuko wa mkojo una mililita 60. Daktari yuko kwenye simu na anasema mpe, ratiba ni ratiba.

Ngazi ya kwanza: "Dokta, tumpe hata kama mkojo ni 60 kwa saa nne?" Akisema ndiyo, panda: "Nina wasiwasi na huyu mama. Pumzi ni 14 na mguu haurushi. Vipimo vyote vitatu viko chini." Akishikilia, panda tena, na hapa maneno ya kuzungukazunguka yamekwisha: "Dozi hii siwezi kuichoma. Naomba tuisimamishe na uje umwone. Naiweka kalisiamu glukoneti gramu 1 hapa kitandani, ya kuizima magnesiamu ikiwa imezidi." Ngazi ya mwisho: "Kwa usalama wa mama nimeisimamisha, na nampigia bingwa wa zamu sasa hivi. Nimeona nikwambie wewe kwanza."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayookoa uhusiano wenu. Kumpigia mkubwa wake si usaliti. Kumpigia bila yeye kujua ndiko kunakouma mwaka mzima. Ngazi zote nne hazimalizi dakika mbili. Na kama mama ameacha kupumua hakuna ngazi ya kupanda: unashika puto na barakoa unampumulisha, kalisiamu inaingia mshipani taratibu, na simu atapiga mwingine.

Kuna tofauti kati ya kudokeza na kusema, na tofauti hiyo iliwahi kumuua mgonjwa nchini Uingereza mwaka 2005. Elaine Bromiley alipelekwa chumba cha upasuaji kwa jambo dogo la kupangwa. Baada ya kupewa usingizi njia yake ya hewa ikashindikana kufunguka, na madaktari wazoefu wakaendelea kujaribu kupitisha mpira kooni huku oksijeni ikiwa imeshuka sana. Wauguzi waliliona. Mmoja alileta vifaa vya kufungulia njia ya hewa shingoni na kutangaza kwamba vipo. Mwingine aliulizia kitanda cha uangalizi maalumu, na baadaye kitanda hicho kikarudishwa. Walijua kinachohitajika. Kilichokosekana ni mtu wa kusema kwamba kupitisha mpira kumeshindikana, sasa tufungue shingo. Alifariki siku 13 baadaye. Mumewe, Martin Bromiley, alikuwa rubani, na alishangaa jinsi hospitali zilivyokuwa bado hazina kile ambacho kazi yake ilikuwa nacho kwa miaka mingi. Ndiye aliyekuja kuanzisha kundi la kufundisha mambo hayo kwa watu wa tiba.

Vifaa vilivyoletwa na kutangazwa ni dokezo. Sisi ni mabingwa wa madokezo. Tunaliacha faili wazi mezani ili daktari "alione mwenyewe", tunakohoa, tunapitisha ujumbe kwa mtu wa maabara, tunauliza "Dokta, umemwona yule wa kitanda cha 6?" tukitumaini atajua tunamaanisha presha yake imeshuka hadi 80 kwa 50. Mtu aliyechoka hasomi madokezo. Mwambie presha ni 80 kwa 50.

Dawa mojawapo ya ukimya huu imejaribiwa karibu na nyumbani kuliko wengi wanavyojua. Orodha ya Shirika la Afya Duniani ya usalama wa upasuaji, yenye vipengele 19 na vituo vitatu, yaani kabla ya usingizi, kabla ya kisu na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani, ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, na Ifakara, nchini Tanzania, ulikuwa mmojawapo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka 11 hadi 7. Kipengele kimoja humo hudharauliwa sana: kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Watu huona ni mchezo wa kitoto. Mimi naona ndicho kipengele chenye faida kubwa kwa mada hii, kwa sababu aliyekwisha kusikika mara moja chumbani humo hapati shida kusikika mara ya pili. Kinachokiharibu ni kalamu: orodha inajazwa vema zote 19 wakati mgonjwa ameshafika wodini.

Usiku, kwenye simu, hali ni ngumu zaidi maana uso hauonekani na aliyepokea ameamshwa. Mpangilio unaosaidia ni huu: wewe ni nani na uko wodi gani, mgonjwa yupi na shida gani sasa hivi, historia kwa sentensi moja au mbili, unavyoona wewe, unachoomba. Wengi huanza na historia ya tangu kulazwa, na kufikia dakika ya tatu mwenye simu ameshaanza kusinzia. Omba kitu kinachotajika: "naomba uje", "naomba tubadilishe dripu", "naomba ruhusa ya kusimamisha". Akitoa maelekezo, mrudishie kama ulivyoyasikia, namba kwa tarakimu moja moja. Kwa kuwa dozi nyingi tunazitaja kwa Kiingereza, 15 na 50 husikika sawa kwenye simu yenye mtandao mbovu. Sema "moja, tano". Na kama upande wa pili kuna daktari mgeni anayejifunza Kiswahili, usimwambie dozi ni ya saa sita. Atakwenda na saa 6 za kwao. Mwambie 24:00 ikiwa ni usiku wa manane au 12:00 ikiwa ni mchana, kama inavyoandikwa kwenye chati.

Kupingana na daktari kuna heshima ya cheo inayokulinda kidogo. Kila mmoja anajua mipaka. Kupingana na muuguzi mwenzako wa cheo kimoja ndiko kunakohitaji akili zaidi, kwa sababu kesho mtapangwa zamu moja, na mna chama kimoja cha kuweka na kukopa. Mfano ambao kila wodi inao ni chati ya vipimo yenye pumzi 20 kwa kila mgonjwa, kitanda cha 1 hadi cha 18, asubuhi, mchana na usiku. Hakuna wodi ya wagonjwa 18 wanaopumua sawasawa. Mtu amejaza bila kuhesabu, na pumzi ndicho kipimo kinachowahi kubadilika mgonjwa anapoanza kuharibika.

Ukimwambia "dada, umepika namba", vita imeanza na utashindwa, kwa kuwa huna ushahidi wa jana. Mchukue wakati wa makabidhiano, mkiwa wawili kitandani: "Dada, huyu wa kitanda cha 7 ananitia shaka, hebu tuhesabu pamoja dakika nzima, wewe shika saa." Mkihesabu 32 mahali palipoandikwa 20, huna haja ya kuongeza neno. Andikeni 32 na saa yake, mwiteni daktari, mwendelee na kitanda cha 8 kwa namna hiyohiyo. Kinachofanya watu wajaze 20 si uvivu peke yake: muuguzi mmoja kwa wagonjwa 30, na dakika moja kamili kwa kila mmoja ni nusu saa ya kuhesabu pumzi tu. Ukilijua hilo, utakuja na pendekezo la kazi badala ya lawama, kwa mfano kuanza na wale watano walio mahututi, na wao wahesabiwe kweli.

Namna mbaya kuliko zote za kupinga ni ile isiyo na kelele. Muuguzi haafiki dozi, hasemi, hachomi, na anaweka saini kwamba imechomwa. Au daktari haafiki ushauri wa muuguzi, anaitikia "sawa sista", anaondoka, habadilishi kitu. Nje kuna amani na ndani mgonjwa anatibiwa kwa mpango usioandikwa popote. Zamu ijayo itaongeza dozi ikidhani ya kwanza haikufanya kazi. Afadhali mara kumi mtu aliyegomba mezani.

Ukisimamisha dawa, andika, tena papo hapo. "Saa 22:20. Pumzi 14, rifleksi ya goti hakuna, mkojo ml 60 kwa saa 4. Dozi ya MgSO4 (magnesiamu salfeti) imesimamishwa. Daktari wa zamu ametaarifiwa kwa simu saa 22:25, bingwa saa 22:30. Maelekezo: kutompa, kupima kila dakika 15." Kisha saini. Usiandike "daktari alikataa kusikiliza" wala "nilimwonya". Faili ni la mgonjwa, na litasomwa na watu wasiojua mlivyogombana. Saa na vipimo vinatosha kusema kila kitu. Ukikosea kuandika, piga mstari mmoja unaoacha maneno yasomeke, weka saini pembeni. Karatasi iliyofutwa kwa rangi nyeupe hukufanya uonekane mwenye la kuficha.

Na usilipeleke kwenye kundi la WhatsApp la wodi. Hata bila jina, watu 40 watajua ni nani kabla chai haijapoa. Jambo la watu wawili limalizwe na wawili, likiwa ni la mfumo, mathalani dozi ya zamani inayoandikwa na zaidi ya daktari mmoja, lipeleke kwa muuguzi kiongozi liingie kwenye kikao cha asubuhi kama suala la mwongozo: "Tubandike jedwali la artesuneti la 3 kwa kilo pale mezani." Jedwali likishabandikwa ukutani halimtaji mtu.

Siku inayofuata mrudie mwenzako, faraghani, maneno machache. Kama ulikuwa sahihi, usimkumbushe ulikuwa sahihi. Mweleze mgonjwa anaendeleaje. Kama yeye ndiye alikuwa sahihi, mwambie mbele ya waliosikia mkibishana: "Dokta, niliangalia, dozi yako ilikuwa sawa. Nilimchoma saa 23." Hilo la pili hujenga kuaminika kuliko la kwanza, na watu hulifanya kwa nadra mno.

Aliyepingwa naye ana sehemu yake. Jibu la "asante kwa kusimama, hebu nione" halimgharimu kitu hata pale muuguzi alipokosea. Akijibu kwa kejeli mara moja tu, wodi nzima itajua kufikia zamu ya jioni, na usiku ule dozi itakapokuwa mbaya kweli hakuna atakayempigia.

Kwa wanaosimamia wodi: ubaoni, zamu inapoanza, andikeni majina matatu na namba zao za simu, yaani daktari wa zamu, bingwa aliye juu yake, na muuguzi msimamizi wa usiku. Hakikisheni simu ya wodi ina salio. Ile ngazi ya nne haina maana yoyote saa nane za usiku kama muuguzi anaanza kuzunguka wodi jirani akiuliza nani ana namba ya bingwa.